Niliposimama Wima Mbele ya Mama Mkwe

Wanaume wenzangu, mtanisamehe nikiongea nikiangalia chini. Hii habari naionea aibu hadi leo.

Mimi ni dereva wa lori la mchanga. Kwa kukaa kwenye usukani tumbo lilinitangulia na presha ikapanda. Daktari alinipa dawa, akaniambia nifanye mazoezi kidogo kidogo. Mimi na kiburi changu, nikaona hayo ya kidogo kidogo ni ya wazee. Kila asubuhi nikawa naupanda mlima wetu wa Kola mbio, na kikaptura changu, moyo unadunda hadi masikioni.

Siku moja nakata kona, huyu hapa mama mkwe na kikapu cha mbaazi! Nyinyi mnajua nthoni. Heshima ya mkwe haichezewi: humgusi, humsongei, humkodolei macho. Nikasimama ghafla kando ya njia, wima, mikono nyuma, nikingoja anisalimie apite. Lakini yeye akaanza kuulizia watoto, mmoja mmoja.

Kichwa kikawa chepesi. Jasho baridi likanitoka, sauti yake ikawa inatoka mbali. Nilitaka kuketi, lakini utaketije mama mkwe akiwa amesimama? Nikakaza magoti. Kisha giza.

Nilipofungua macho nilikuwa chali, miguu yangu yote miwili iko begani kwake.

"Baba Mwende! Wooi, usinifie hapa!"

Kaptura ilikuwa imelowa, na si jasho. Nilikuwa nimejikojolea. Alifungua leso yake, akanifunika akiangalia kando. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hospitalini, nilikojipeleka peke yangu, daktari aliniuliza, "Nani alikuona ukianguka?"

"Hakuna mtu."

"Basi siwezi kujua kama ni kifafa. Usiendeshe gari mpaka tujue."

Lori ndilo linalolisha nyumba yangu, na bado nilinyamaza. Niliona afadhali niitwe mgonjwa wa kifafa kuliko yule mama aulizwe habari za kaptura yangu. Nikakaa nyumbani bila kazi, nikimdanganya mke wangu kwamba lori limeharibika. Kumbe mamake alishamwambia yote.

"Wewe," akaniambia, "hiyo nthoni yako tutaipika tule?"

Akatupeleka wote wawili, mimi na mamake, kwa daktari. Mama mkwe alikataa kiti. Alisimama mlangoni, akaongea akiangalia ukuta.

"Alikuwa anakimbia, akanikuta, akasimama. Midomo ikapauka, akaanguka. Hakutetemeka, hakujiuma ulimi. Nilipoinua miguu tu, akaamka. Alijikojolea, daktari, lakini ni mimi nilimsimamisha."

Sijawahi kusikia aibu kama ile.

Daktari alipima moyo, ukawa mzima. Akanipandisha baiskeli ya mazoezi, nikaikanyaga kwa nguvu, kisha akaniambia nisimame tuli. Presha ikashuka papo hapo, kichwa kikaanza kuzunguka. Akanilaza haraka.

"Ukikimbia sana," alisema, "mishipa ya miguu inapanuka, damu inajaa huko. Ukiendelea kutembea, misuli inaisukuma irudi juu. Ukisimama ghafla, mwili unachelewa kujirekebisha, na ubongo unakosa damu. Na dawa unayotumia inazidisha. Hii si kifafa."

Alinibadilishia dawa, na baadaye akaniruhusu kurudi kwenye usukani. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na yule mama sijui nimshukuru vipi.

Kwa hivyo mkikimbia, msisimame ghafla. Tembeeni mpaka pumzi itulie. Kichwa kikiwa chepesi, lala chini, inua miguu, hata kama ni nani amesimama mbele yako. Na daktari mwambieni yote, hata ya kaptura.

Juzi nilikutana naye tena njia ileile. Kwa mazoea nikaanza kusimama.

"Usisimame!" akapiga kelele kutoka mbali. "Pita, Baba Mwende, pita!"

Akaingia yeye kwenye nyasi, akanigeuzia mgongo mpaka nikapita. Leso yake iko kwangu, nimeifua, nimeikunja. Uso wa kumrudishia bado sijapata.