Majivu Nilimovifukia Vichwa vya Treni vya Fundi

Ilikuwa sauti ya ganda la yai likikanyagwa. Nilikuwa nimetumbukiza mkono ndani ya debe la majivu, nikakishika kichwa cha treni kwa magurudumu yake ili nikitoe, na magurudumu yakapukutika kiganjani mwangu kwa sauti hiyo. Metali hailii namna ile. Nilijua pale pale kwamba nimeharibu mali ya mtu, na kwamba sina wa kumsingizia.

Naandika bila jina kwa kuwa Sumbawanga ni mji mdogo na mama yangu bado anauza ulezi sokoni. Nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, ingawa kupenda kwangu utaratibu ndiko kulikonifikisha hapa.

Mwenye mali nitamwita Fundi. Ni mzee wa Mbeya ambaye ujanani alitengeneza injini za reli, kisha akahamishiwa karakana ya serikali hapa kwetu, mahali ambapo hapana reli hata hatua moja. Nadhani ndiyo sababu aliamua kujiundia treni zake. Kwa miaka mingi, akishatoka kazini, alikaa barazani akaunda vichwa vinne vya treni vya mfano, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Matangi ya mvuke aliyakunja kwa shaba ya mabomba chakavu. Fito za kusukumia magurudumu zilikuwa spoki za baiskeli. Magurudumu yenyewe aliyamimina kwa sufuria mbovu za aluminiamu alizoziyeyusha, maana madukani hapakuwa na kingine.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa nikipita kwake kutazama. Alinifundisha jinsi mvuke unavyozungusha gurudumu kabla mwalimu wetu hajaufikia ukurasa huo.

Alipostaafu na kurudi kwao, alihofia kwamba lori na mashimo ya barabara ya Tunduma vitavitawanya. Akaniachia mimi vyote vinne katika sanduku la mbao, hadi atakapopata gari la kuaminika.

"Sikiliza," aliniambia; vichwa vile aliviita wanawe. "Kila mmoja mfunge kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Sanduku likae chumba anacholala mtu, lisiende jikoni wala ghalani. Kila baada ya miezi mitatu fungua, zungusha magurudumu, tazama, funga. Basi."

"Ni hayo tu, Mzee?"

"Ulitaka na sala?"

Kosa langu lilianzia hapo. Niliyaona maagizo hayo kuwa mepesi mno.

Mwaka huohuo nilichaguliwa kusomea shahada ya uzamili ya kemia Dar es Salaam. Nisingeweza kurudi kila baada ya miezi mitatu. Ningeweza kumwachia mama kazi hiyo, lakini nilijiaminisha kwamba hakuna atakayekuwa mwangalifu kama mimi. Duka la ushirika halikuwa na mafuta ya cherehani. Ningeweza kumwomba kidogo mshonaji wa parokiani, ambaye ni jirani yetu, nami sikumwomba. Badala yake nilikaa na daftari nikabuni njia yangu.

Kwetu Mollo, kijiji cha nje ya mji, mbegu za maharage huchanganywa na majivu, zikawekwa darini juu ya meko, na mwaka unaofuata huzikuti na tundu hata moja. Nilijiuliza adui wa chuma ni nani, nikajijibu kwamba ni unyevu. Majivu makavu hufyonza unyevu. Moshi hukausha. Kwa hiyo nilichekecha majivu hadi yakawa kama unga, nikavifukia vichwa vile katika madebe mawili makubwa, nikaziba mifuniko kwa nta, nikayapandisha darini. Nilichora hata mchoro.

Mama alinitazama nikishuka ngazi.

"Ulezi tunauhifadhi ili tuule. Hizo treni zako tutazipika na nini?"

"Mama, ni sayansi."

"Haya. Ila majivu hayo ndiyo ninayochujia magadi ya mboga. Nikichuja, vidole vinachubuka. Yakila ngozi, yataviacha vyuma vya mzee wa watu?"

"Hayo yanakuwa na maji, Mama. Haya ni makavu."

"Na nyumba hii tuliyohamishiwa wakati wa vijiji vya ujamaa, haivuji?"

Nikaondoa ngazi. Naomba uelewe, wewe unayesoma, jinsi jambo hili linavyonikera. Mama yangu, aliyeishia darasa la pili, alinieleza tatizo lote kwa sentensi chache. Mimi, ambaye nimefanyia mtihani suala la majivu na maji kuwa alkali, na alkali kula aluminiamu, nilisimama na daftari mkononi nikamwona yeye ndiye asiyeelewa. Nta ikayeyuka kwa joto la meko. Nyasi za paa zikavuja masika mawili. Yaliyofuata ningeweza kuyaandika ubaoni.

Katika miaka hiyo miwili Fundi aliniandikia mara nyingi. Alikuwa akiuliza, "Wanangu hawajambo?" Nami nilijibu kwamba ni wazima, bila kufungua debe hata nilipokuwa nyumbani likizo. Nilijiambia kwamba nikifungua nitaingiza unyevu.

Kisha nikarudi, nikasikia ile sauti. Magurudumu ya vichwa vyote vinne yalikuwa yamegeuka unga mweupe uliogandamana. Shaba ilikuwa imeota ukurutu wa kijani, na spoki zimeshikamana kwa kutu.

Wiki hiyohiyo ikaja barua. Mkono wa Fundi ulikuwa umeanza kutetemeka; mwandiko wake ulipanda na kushuka. Hawezi tena kushika tupa, aliandika, lakini chuo kimoja cha ufundi kimekubali kuvipokea vichwa vyake ili wanafunzi wajifunzie injini. Gari la chuo litakuja kuvichukua. Akauliza tena kama wanawe hawajambo.

Nikaandika kwamba ni wazima.

Huo ndio uovu ninaouungama. Ule wa majivu ulikuwa ujinga wa msomi. Huu niliufanya nikiwa nimeshaona, na kucha zangu bado zina unga wa magurudumu yake.

Baada ya hapo nilipoteza majuma matatu. Nilisugua shaba kwa limau, ikatoka madoa mekundu. Niliandika barua nne za kukiri nikazichana, kwa kuwa kila moja ilitafuta cha kulaumiwa: mvua, paa, duka la ushirika. Ya nne mama aliikuta mezani.

"Hapa umeandika madebe yalihamishwa bila wewe kujua. Yalihamishwa na nani?"

Nikanyoosha mkono kuichukua.

"Humu ndani tunaishi wawili, mwanangu. Mmoja alikuwa Dar es Salaam."

Aliikunja akanirudishia, akaenda kuchambua ulezi. Sikumbuki kuaibika namna ile maishani.

Kwa hiyo nakusihi, wewe uliyeachiwa kitu cha mtu. Ukiambiwa kitambaa na mafuta, tumia kitambaa na mafuta. Kitu cha kukaa miaka hakiachwi kikae peke yake. Kifungue, kitazame, hata kama unaogopa utakachokiona. Na ukikikuta kimeharibika, sema siku hiyohiyo. Mimi niliisubiri sentensi nzuri, na haikuja.

Jumamosi nilikwenda posta nikaomba simu ya Mbeya, katika ofisi ya parokia anayosali Fundi. Katekista akaenda kumwita. Nilisubiri kwenye benchi hadi opereta aliponiita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Gari linakuja Jumatano. Umewafunga vizuri?"

"Mzee, wameharibika. Wote wanne. Niliwaweka kwenye majivu, jikoni. Magurudumu yamekwisha."



"Uliwafungua kila baada ya miezi mitatu?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Barua ya mwisho uliniambia wazima. Ulikuwa hujawaona?"

"Nilikuwa nimewaona, Mzee."

Opereta aliingilia laini kuuliza kama tumemaliza. Fundi akamwambia bado, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Gari litakuja vilevile," akasema. "Pakia kila kilichobaki, hata huo unga. Na wewe upande. Chuo wameshawaambia wanafunzi kwamba treni zinakuja. Watauliza nini kimezila, na mimi sina elimu ya kuwaeleza."

Nilianza kumwomba msamaha. Akanikatiza.

"Nimekuuliza kama utapanda."

Nikamwambia nitapanda.