Jina la Egbert

Watu wa Omukishenyi, kitongoji kimoja cha kata ya Rugu, walimjua Avelina Kashaija kwa mwandiko wake. Tangu yuko darasa la sita alikuwa akiitwa huku na huku kuandika. Barua ya posa, maombi ya kazi, muhtasari wa kikao cha usharika, vyote vilipita mikononi mwake, kwa herufi za mviringo zilizosimama wima. Alipokua alisomea ualimu, akakosa ajira, akarudi nyumbani kufundisha watoto wa awali kwa kujitolea huku akitunza kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba yake.

Baba huyo, Mzee Kashaija, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka kumi na minane. Alifariki mwaka 2017. Kwenye mazishi yake walisema mengi mazuri na mengi yalikuwa kweli. Jambo moja halikusemwa, na Avelina aliyekuwa amekaa mbele kabisa na kitambaa cheusi kichwani alilisikia likikosekana.

Mwaka 2022 jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata miongoni mwa makarani wa sensa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Mafunzo yalichukua siku kumi na tisa, katika madarasa ya sekondari iliyokuwa likizo. Walifundishwa kutumia kishikwambi, kusoma ramani ya eneo la kuhesabia, kuuliza swali kama lilivyoandikwa bila kulipamba. Mkufunzi wao alirudia jambo moja mpaka wengine wakalichoka: anayehesabiwa ni kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, awe mwenyeji au mgeni, awe na karatasi au hana. Na atakachomwambia karani kinabaki baina yao na takwimu. Kabla ya kukabidhiwa vifaa walikula kiapo cha kutunza siri. Wenzake walikisoma kwa sauti kubwa. Avelina alikimaliza kwa kunong'ona.

Kazi ilianza kwa kuorodhesha kaya. Alitembea na mwenyekiti wa sasa, Nestory, mtu mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha, aliyelijua kila boma na kila mbwa. Siku ya pili walifika kwenye nyumba ya bati iliyokuwa peke yake mwishoni mwa kitongoji, karibu na bonde. Mlango ulikuwa umefungwa. Moshi ulikuwa ukipenya juu ya jiko la nje.

"Hodi hapa," aliita Avelina. Hakuna aliyeitikia.

"Andika hamna mtu, twende," alisema Nestory.

"Mwenyekiti, moshi huo umewashwa na nani?"

"Ni kwa Dusabe. Hao siyo watu wetu, mwalimu. Ukiwaandika unatuharibia hesabu."

Avelina aliandika jina la Dusabe na kuiacha nafasi ya idadi ya watu wazi. Alijua vizuri kwamba kibanja cha Nestory kilipakana na cha bibi yule, na kwamba mpaka wa miti ya mirumbu uliokuwa katikati yao ulikuwa umesogea mara mbili tangu mwaka 2013.

Mwaka huo ndio uliomfanya anong'one wakati wa kiapo. Wahamiaji wasio na vibali waliamriwa kuondoka katika mkoa ule wa mpakani, na katika vitongoji watu walianza kutajana. Mzee Kashaija alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Asubuhi moja alimwita Avelina, aliyekuwa ametoka chuoni, akamweka mezani na daftari. Akataja majina, yeye akaandika. Ya kwanza yalikuwa ya vibarua waliofika msimu ule. Kisha mzee alihesabu kwa vidole majina yaliyokwisha kuandikwa, akasema, "Egbert wa bondeni."

Avelina aliinua kalamu. Egbert na mkewe Dusabe walivuka kutoka Rwanda wakiwa watoto wa mgongoni. Walikuwa Omukishenyi kabla Avelina hajazaliwa. Egbert ndiye aliyepanda juu kuezeka nyumba ile ile walimokuwa wamekaa.

"Baba, Egbert huyu huyu?"

Mzee alisema, "Orodha ikiwa fupi watasema ninaficha watu. Andika."

Akaandika, kwa herufi zake nzuri.

Jina liliposomwa kwenye mkutano, Dusabe alikuwa hospitalini akimuuguza binti yake Mackrine. Aliporudi baada ya siku tisa alikuta nyumba tupu. Egbert na mtoto wao wa kwanza walikuwa wameshavuka mpaka na baiskeli na godoro. Dusabe na Mackrine walikwenda Nkwenda, wakahifadhiwa na familia moja ya Kilutheri kwa zaidi ya mwaka, kisha wakarudi kimya kimya bondeni. Egbert hakurudi. Mwaka 2015 ilikuja simu kwamba amefariki ugenini. Hayo yote Avelina aliyajua, na tangu Dusabe arudi alikuwa akipita njia ya juu ili asikutane na mwanamke yule kisimani.

Jumanne ya sensa ilikuwa sikukuu. Avelina alivaa kizibao, akafunga kishikwambi kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi, akaanza kazi. Watu walimngoja majumbani, wamefagia. Kwenye nyumba moja mzee alimtajia umri wa mbuzi wake wote bila kuulizwa. Kwenye nyingine, alipofika swali la vifo vya miezi kumi na miwili iliyopita, mama kijana aliyeitwa Kemirembe alitaja mtoto wa wiki tatu, akataja na jina lake la ubatizo, akauliza, "Naye mnamhesabu?" Avelina alimweleza kwamba anaandikwa kati ya waliofariki. Kemirembe akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Mradi ameandikwa."

Maneno hayo yalimfuata Avelina mpaka jioni.

Kwa Dusabe alikwenda Jumanne akakuta kufuli. Jumatano akakuta kufuli. Alhamisi alikwenda asubuhi, peke yake, kwa njia ya chini. Mackrine alikuwa uani akitandaza kahawa kwenye jamvi, mtoto wake mdogo wa kike amelala kivulini.

"Mama hayupo," alisema kabla hajasalimiwa.

"Nitamsubiri."

"Atachelewa."

"Nitakaa na wewe mpaka aje. Leo sina kaya nyingine."

Haikupita muda migomba ikatikisika, Dusabe akatokea na mundu mkononi. Alikuwa mwembamba, amenyooka, nywele nyeupe chini ya kilemba.

"Shikamoo, bibi," alisema Avelina akipiga goti.

Dusabe hakuitikia. Alimwonyesha kiti cha miguu mitatu kwa ncha ya mundu, na Avelina alipokaa, alimwambia kwa Kinyambo safi, lugha ya wenyeji, "Baba yako alikaa hapo hapo. Alikunywa lubisi ya ndizi za Egbert, akashukuru, akafuta midomo. Wiki mbili baadaye jina la Egbert likasomwa mbele ya watu. Leo umekuja wewe na kioo chako. Huyo mtoto aliyelala pale, mnataka apelekwe wapi?"

"Hapelekwi popote, bibi. Hii ni hesabu ya watu tu. Sitaki kitambulisho, sitaki cheti. Utakachoniambia simwambii mtu."

"Kashaija naye alisema ni hesabu tu."

Avelina alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi ya mafunzoni, namna ya kumtuliza mtu anayesita. Aliyaacha yote. Alikitazama kishikwambi mapajani, akakizima.

"Bibi, ile orodha niliandika mimi."

Mackrine aliacha kutandaza kahawa.

"Baba hakuwa anaona," aliendelea Avelina. "Alitaja, nikaandika. Nilipofika kwa Egbert nilimwuliza mara moja, akasema andika. Nikaandika. Sikuuliza mara ya pili. Nilijua si kweli."

Kuku walikuwa wakichakura pembeni ya jamvi na hakuna aliyewafukuza. Dusabe aliutazama mkono wa kulia wa Avelina, akautazama sana.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye, "nimekuwa nikimlaani Kashaija peke yake."

"Ninajua."

"Hujui. Ungejua usingelala." Alikaa kwenye kizingiti, mundu akauweka chini. "Umekuja kuomba nini sasa?"

"Nimekuja kuwahesabu. Hilo lingine nimelisema kwa sababu nisingeweza kukaa kwenye kiti hiki bila kulisema. Sikuombi unisamehe ili unipe majibu. Ukinifukuza nitaondoka."

Mackrine alimwambia mama yake kitu kwa Kinyarwanda, haraka na kwa hasira. Dusabe aliinua kiganja kumzuia.

"Washa," alisema. "Uliza."

Avelina akawasha. Kioo kikakataa kidole chake mara mbili. "Mkuu wa kaya hii ni nani?"

"Egbert."

"Bibi..."

"Umeuliza, nimejibu. Nyumba hii aliijenga Egbert. Mwandike."

Avelina alimweleza polepole, kama alivyofundishwa na zaidi ya alivyofundishwa: wanaandikwa waliolala hapa usiku wa kuamkia Jumanne. Mwingine hawezi kuingia.

"Waliokufa je? Nimesikia mnawaandika waliokufa."

"Waliokufa ndani ya miezi kumi na miwili."

"Yeye ana miaka saba."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo hayupo popote humo."

"Humu hayupo."

Macho ya Dusabe yalijaa machozi lakini hayakudondoka. Avelina naye alihisi kidole kikielea juu ya kioo. Ingekuwa kazi ya sekunde chache kuandika jina lile. Nani angejua? Msimamizi wake angeona kaya ya watu wanne badala ya watatu, angepita. Na pengine bibi yule angeondokewa na mzigo, na yeye pia.

"Nikimwandika," alisema kwa sauti ndogo, "nitakuwa nimeandika tena kitu ninachojua si kweli."

Dusabe alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Basi usimwandike," alisema. "Siku ile mtu mzima alikuambia andika, ukaandika. Leo mimi nimekuambia andika, umekataa. Ungekataa siku ile." Alijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mkuu wa kaya ni mimi. Dusabe. Umri andika sabini na mbili ingawa hakuna aliyeniandika nilipozaliwa."

Walikwenda swali baada ya swali. Watoto wangapi aliozaa, wangapi wako hai. Nyumba imeezekwa kwa nini, maji mnachota wapi, mnapikia nini. Walipofika kwenye uraia Dusabe alijibu, na Avelina akaandika kama alivyojibiwa. Jibu hilo hatulijui, kwa kuwa Avelina hajapata kulitaja kwa mtu yeyote.

Alipoaga alisema tena shikamoo. Dusabe alikuwa ameshampa mgongo, anaelekea mgombani. Lakini kwa mbali, bila kugeuka, alisema, "Marahaba."

Jioni ile Nestory alimngoja njia panda, ameegemea pikipiki.

"Nasikia leo umewapata wa bondeni, mwalimu."

"Nimewahesabu."

"Bibi amesema yeye ni wa wapi?"

"Mwenyekiti, nimekula kiapo."

"Mimi ni mwenyekiti wako. Ni kitu cha kiusalama hicho. Niambie tu kwa mdomo, sitaki karatasi."

"Kwa mdomo pia ni siri."

Nestory alikohoa, akatema pembeni. "Baba yako alikuwa mtu wa kushirikiana na wenzake."

"Ndiyo," alisema Avelina. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia. Kama unataka kusogeza mpaka wa kibanja, peleka shauri baraza la kata. Kwangu hutapata kitu."

Tangu siku hiyo Nestory hakumwita tena kwenye kazi yoyote ya kitongoji. Muhtasari wa mikutano ulianza kuandikwa na mtu mwingine, na watu wengine waliokuwa wakimjia na barua zao walipunguza kuja. Hakulalamika. Aliendelea na watoto wake wa awali na kahawa yake. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa kumi aliyasikiliza redioni akiwa anamenya ndizi. Zilitajwa milioni sitini na moja na ziada. Alisimamisha kisu mpaka mtangazaji alipomaliza, kisha akaendelea kumenya.

Kwa Dusabe alipita mara chache, kwa njia ya chini. Hawakuwa marafiki. Bibi alimwitikia shikamoo, akamuuliza mvua huko juu zikoje, basi. Siku moja tu alimwambia, "Nilikuota umekaa na Egbert mnaandika kitu. Sikuona ni nini." Avelina alijitwisha ndoo yake, wakaachana.

Dusabe alifariki masika ya mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa kifua, nyumbani kwake. Omukishenyi iligawanyika kidogo kuhusu nani aende. Waliokwenda walitosha kuchimba kaburi mgombani, na Nestory alikuwa miongoni mwao, akikohoa na kuchimba kama wengine.

Avelina alifika asubuhi na mkungu kichwani. Uani wanawake walikuwa wamekaa kwenye majamvi wakimenya ndizi za wafiwa na waombolezaji, maganda yamejaa miguuni. Baadhi walimwona wakainamia visu vyao. Alitua mkungu, akasimama bila kujua akae wapi.

Mackrine alitoka ndani, macho yamevimba, akasimama mbele yake. Aliinama, akachukua kisu kilichokuwa juu ya beseni, akampa kwa upande wa mpini, kisha akasogeza khanga yake ili apate nafasi kwenye jamvi.

Avelina akakaa, akavuta chana la kwanza.