Seta wa Siku Thelathini

Wiki iliyopita mwalimu wa michezo wa binti yangu alinipigia simu, sauti imejaa furaha. Seta wao ameumia goti, na sasa anataka binti yangu ashike nafasi hiyo Jumamosi. Kama hukuwahi kuucheza mpira wa wavu, seta ni yule anayesimama karibu na wavu na kuamua mpira wa pili uende kwa nani. Akikosea yeye, wote wamekosea. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, na mchezo wenyewe ameuanza miezi minne tu iliyopita. Nikasema hapana kabla mwalimu hajamaliza. Halafu nikakaa kitandani, simu bado mkononi, mtu mzima mimi, mume wangu ananiuliza kuna msiba gani. Banange, ningemwambia nini? Kesho yake nikaenda sokoni Kalerwe kumtafuta mtu mmoja tu ambaye angenielewa.

Lakini ngoja kwanza nikurudishe nyuma.

Nilikulia kambi ya polisi, hapa hapa Kampala, miaka ile ambapo vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha lakini watu wazima bado walilala na viatu karibu na mlango. Nyumba zetu zilikuwa vile vibanda vya mabati vya mviringo tulivyoviita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi, na ukiingia mbiombio paji la uso linakukumbusha jina lake. Asubuhi ilianza na filimbi ya paredi. Kisha foleni ya jerikeni bombani, wanawake wakigombana kwa lugha sita na kupatanishwa kwa Kiswahili. Mchana posho, yaani ugali, na maharage. Jumapili mama alikaanga mukene kwa kitunguu kingi, vile visamaki vidogo vya ziwani, na harufu yake ilikaa kwenye sare ya baba hadi Jumatano. Mimi niliipenda harufu hiyo. Baba aliichukia, akisema mkubwa wake anamnusa.

Timu ya wanawake ya kambi ilifundishwa na afande mmoja, mama mnene wa kutoka kaskazini, sajini, sauti nzito. Tulimwogopa kuliko baba zetu. Wasichana waliocheza vizuri kwenye timu ile kambi iliwaombea nafasi ya sekondari, kwa hiyo haukuwa mchezo wa kupoteza jioni. Afande alikuwa na sheria moja kwa kila aliyetaka kuwa seta. Kabla hujasimama kwenye wavu, unasimama kwenye stoo ya mabati iliyokuwa nyuma ya uwanja. Amechora duara kwa chaki, juu kidogo ya matundu ya risasi yaliyozibwa kwa lami. Unausukuma mpira kwa vidole, unagonga ndani ya duara, unaupokea, unausukuma tena, mara mia moja bila kudondoka. Ukidondoka unaanza moja. Ukiweza mia kila siku kwa siku thelathini mfululizo, ndipo anakutazama. Mwenzako anakuhesabia, na jioni anampelekea afande ripoti.

Mpira ukigonga mabati yale ulilia kama kitu kingine. Mara ya kwanza baba yangu alilala chini jikoni, uso kwenye vumbi, na hakuna aliyemcheka. Afande akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na tangu hapo tukaruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa kumi jioni, ili watu wajue ni mpira.

Mwenzangu pale ukutani alikuwa binti wa jirani. Alinizidi miaka miwili nikamwita Dada, na nitamwita hivyo hapa pia. Mikono ya Dada, wewe! Vidole virefu, mpira unatoka kimya bila kuzunguka. Ila alikuwa na haraka. Na haraka yake ilikuwa na sababu: baba yake alikuwa ameapa kwamba asipoingia timu, mwisho wa muhula anampeleka kijijini kwa bibi yake, huko kaskazini. Huko vita havikuwa vimekwisha. Jioni watu walikuwa wanahadithiana njia ya huko kwa sauti ya chini, na sisi watoto tulijifanya hatusikii.

Basi mimi nilikuwa namhesabia. Na nitakuambia ukweli ambao sikumwambia hata mama yangu: hatukufika mia hata siku moja. Sitini. Siku nzuri, sitini na tano. Mpira unadondoka, ananitazama, macho yamejaa machozi, na mimi nasema, endelea, tunaunganisha. Jioni nakwenda mlangoni kwa afande, naye anauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye sufuria, "Ngapi?"

"Mia, afande."

"Kale, sawa. Kwenda."

Nilikwenda mbio.

Siku ya thelathini na kitu, seta wa timu, konstebo mmoja mchapakazi, akapata transfa kwenda Soroti. Zilibaki siku nne tucheze na timu ya kambi ya jeshi. Shuleni kwetu alikuwa amekuja mwalimu mpya wa michezo, kijana, filimbi shingoni hata kanisani. Akaja uwanjani akiwa na mkuu wa kambi, akamnyooshea Dada kidole. Huyu aingie.

"Huyu bado," afande akasema. "Mikono iko. Kichwa bado. Mimi nataka yeye mwaka mmoja, akae kando, aone."

"Mwaka, afande? Atajifunza wapi, ukutani? Ukuta haujampiga mtu smashi hata siku moja. Mwingize, akosee, ajue."

"Akosee mbele ya kambi mbili?"

"Sasa aogope mpaka lini?"

Wakabishana hivyo juani, sisi tumesimama mikono nyuma. Ukiniuliza leo, mwalimu hakuwa mjinga. Wako watu wanaoiva ndani ya mchezo wenyewe. Mkuu wa kambi akachoka, akasema kama mtoto amemaliza siku zake, acheze. Afande akanigeukia.

"Wewe ndiye nahesabu. Amemaliza?"

Dada hakunitazama. Alitazama viatu vyake, vidole vya mkono vinapapasa upindo wa sketi. Nilijua nikisema hapana nitachapwa mimi na atachapwa yeye, na baba yake atapakia sanduku.

"Amemaliza, afande. Siku thelathini."

Afande akanitazama muda mrefu. Kisha akasema kale, akaenda zake.

Siku ya mchezo ikafika. Nilikaa chini kando ya mstari. Mipira mitano ya kwanza Dada aliiweka vizuri, na mwalimu akaruka juu. Wa sita ukaja na kasi, akaugusa mara mbili, na hilo ni kosa. Refa akapiga filimbi. Wa saba vilevile. Halafu wanajeshi wakaelewa, wakaanza kumlenga yeye, na kila mpira ukipaa watu mia mbili wanahesabu miguso yake kwa sauti, moja! mbili! wakicheka. Mimi niliyasikia yale mahesabu nikatamani ardhi inimeze. Nilimwona akinitafuta kwa macho. Nikainamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Alitolewa akiwa hajalia. Alilia nyumbani, na ukuta wa kibanda chao na chetu ulikuwa bati moja, kwa hiyo nililia naye bila yeye kujua. Kesho yake hakutoka, wala kesho kutwa. Wiki mbili baadaye lori la kambi lililokuwa linapeleka mizigo kaskazini likampakia yeye na sanduku lake. Nilimsindikiza hadi kwenye geti. Nilitaka kumwomba msamaha, badala yake nikamshikia sanduku.

"Ulimwambia afande?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi usiseme. Ukisema, na wewe hawatakuweka."

Akapanda. Sikumwona tena. Barua hazikuwa zikifika, na waliofika kutoka huko walikuja na habari ambazo hukutaka kuziuliza mara mbili. Sijui kama lile lori lilifika.

Mimi afande aliniweka ukutani mwaka mzima na miezi miwili. Nilifika mia, nikafika mia mbili, na bado kila jioni ananitazama na kusema ngoja. Hatimaye akaniingiza, nikacheza miaka minane, na watu wakanitolea mfano: mnaona faida ya kumlea mchezaji polepole? Na mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Ndiye afande huyo niliyemkuta Kalerwe juzi, mzee sasa, anauza karanga za kusaga kibarazani. Nikamweleza habari ya binti yangu. Kisha, sijui nguvu ilitoka wapi, nikamwambia yote. Sitini, si mia.

Hakushtuka. Aliendelea kufunika ndoo yake.

"Wewe nafikiri mimi nilikuwa kiziwi? Ile mabati nalia mpaka jikoni yangu. Kila siku mimi nahesabu. Sitini."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Mkubwa alisema acheze. Mimi pia nilikuwa na watoto, na nyumba ya serikali. Niliogopa. Ungesema wewe, ningekuwa na neno mkononi. Ningemwomba baba yake mwaka mmoja. Angenipa, huyo mtu nilimjua."

Nikauliza kwa nini basi alinichelewesha mwaka mzima, kama mikono yangu ilikuwa tayari.

"Mikono ilikuwa tayari zamani," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe kuja kuniambia."

"Na mbona mwisho uliniingiza?"

"Nilichoka kungoja."

Tukakaa pale wanawake wawili, wateja wanapita, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Kambi yenyewe haipo tena. Vibanda vimevunjwa, na pale palipokuwa na stoo pamejengwa maghorofa. Watu wa foleni ya bomba wametawanyika nchi nzima. Hayo yote nayakumbuka bila kuumia. Lakini yuko mtu mmoja, Dada, aliyestahili kusikia ukweli kutoka kinywani mwangu pale ukutani, kwamba bado hajawa tayari, na juzi niliusema, kwa mara ya kwanza, miaka yote hii imepita, kwa mtu ambaye alikuwa anaujua tayari.