Kifaransa cha Sisi Wawili

Acha nikwambie kilichonipata mwezi wa sita, rafiki yangu, hapa Embu ninapofanya kazi ya mapokezi hospitalini. Aliingia mama mmoja mgeni, amembeba mtoto mwenye homa, akainama dirishani na kuanza kunieleza shida yake kwa Kifaransa. Mumewe alikuwa amekuja kufundisha chuo kikuu. Kiswahili hawakijui, Kiingereza ni cha kubabaisha. Nikasema, "Bonjour, madame." Uso wa yule mama ukang'aa. Kisha nikatafuta neno la pili, sikulipata. Dada tunayefanya naye kazi akatoa simu yake, akaiweka katikati yetu, ikatafsiri yote, na mtoto akapelekwa kwa daktari. Hakuna aliyejua kwa nini nilienda nyuma ya mlango nikafuta macho.

Maana nilipokuwa na miaka kumi, ningeongea na yule mama mpaka achoke yeye.

Shule yetu ilikuwa juu ya Laare, kwetu Meru, mahali ambapo ukungu wa milima ya Nyambene ulikaa uwanjani hadi saa nne. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi wa nyanya yangu, mzito, wenye harufu ya moshi, kisha tukateremka kwa mbio huku pikapu za miraa zikipiga honi barabarani. Shuleni nilikuwa bubu. Aliyeongea Kimeru alivalishwa kibao cha adhabu shingoni, na aliyejaribu Kiingereza alichekwa. Siku moja nilisema "mbas" badala ya "bus", darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka nao. Tangu hapo nilikuwa nikiulizwa swali natazama miguu yangu.

Ndipo akaja mwalimu wetu wa Kifaransa. Alikuwa Mwembu, mfupi, mwenye sweta la rangi ya karoti. Hakutumwa kutufundisha Kifaransa. Alitumwa kufundisha darasa la nne masomo ya kawaida. Kifaransa alikiongeza mwenyewe, baada ya chakula cha githeri cha saa saba, kwa yeyote aliyetaka kubaki. Tulibaki kumi na wawili. Hakuandika kitu ubaoni mwezi mzima. Alitutoa nje, tukakaa kwenye nyasi tukichambua maharagwe ya jikoni, na kila tulichoshika alikitaja nasi tukakitaja. Ukitaka maji, uyaombe kwa Kifaransa. Ukiomba kwa lugha nyingine anakutazama tu kama mtu asiyesikia vizuri. Na ukikosea hakukatizi. Alikuwa akisema, "Kosea kwa sauti nikusikie. Ukikosea moyoni nitakusaidia vipi?"

Siku niliposema "bonbon" kwa mara ya kwanza alipiga makofi. "Nyinyi Wameru, hizi pua zenu zimezaliwa tayari!" Ile mb yetu ya puani iliyochekwa kwa Kiingereza, hapa ilikuwa mali. Sijui kama umewahi kuambiwa kwamba kasoro yako ni kipaji. Mimi nililala na lile neno.

Karibu nami alikaa jirani yangu wa dawati, binti wa mama mfunga miraa. Sisi wawili tulishikana na hiyo lugha kama watu walioiba kitu pamoja. Tulienda nayo mtoni kuchota maji, tukamsengenya kwayo jogoo wa nyanya yangu. Kwa mwaka mmoja na nusu nikawa mtoto mwingine. Hata maswali ya Kiingereza nilianza kuyajibu.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Mwalimu alitaka waone. Aliniita mbele, hakunipa shairi wala karatasi, akaniuliza tu kwa Kifaransa nimeona nini nikija shuleni. Nikawaeleza ukungu, mbuzi wa jirani aliyekula kofia ya mtu, na mvua iliyonikuta kwenye daraja. Sikutetemeka. Nyanya yangu alipiga kigelegele bila kuelewa neno hata moja.

Baba yangu ndiye aliyesimama.

"Mwalimu, asante. Lakini hii lugha, wakishaijua, wataongea na nani?"

"Wataanza kuongea wao kwa wao, mzee," mwalimu akamjibu.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka tu. Mzazi mwingine akauliza kama inatahiniwa darasa la nane. Mwalimu mkuu akasema hapana. Jambo likaishia hapo. Muhula uliofuata saa ile ya mchana ikawa ya hesabu, na kabla mwaka haujaisha mwalimu wetu akahamishiwa upande wa Mbeere. Siku ya kuondoka alituita sisi wawili nyuma ya jiko la shule. "Ongeeni kila siku," alisema. "Msipoongea, itaondoka na hamtaisikia ikiondoka."

Tuliongea, naapa. Lakini neno likipotea hatukuwa na wa kumuuliza. Tulilijazia kwa Kimeru, kesho likapotea jingine, tukajazia tena, mpaka siku moja njiani kutoka mtoni niligundua tunaongea Kimeru kitupu. Darasa la saba mwenzangu aliacha shule akaenda kufunga miraa na mama yake. Nikajaribu kuongea peke yangu shambani, nikajiona kichaa, nikaacha.

Baada ya mambo ya yule mama mgeni, nilipanda Laare Jumamosi moja kumtafuta mwenzangu wa dawati. Nyanya na baba walishazikwa. Shule ina ukuta mpya, na yale majani tuliyokalia yamewekwa simiti. Mwalimu wetu naye, waliniambia kanisani, alizikwa huko Mbeere mwaka juzi, nasi hatukupata habari.

Mwenzangu nilimkuta sokoni, ameketi katikati ya majani ya migomba, akifunga vibunda bila kutazama mikono.

"Woi, ni wewe kweli? Si umenona!"

Tulicheka, tukashikana. Binti yake alikuwa kando, wa miaka tisa hivi. Nilipomsalimia alijificha nyuma ya gunia.

"Huyo achana naye," mama yake alisema. "Hata shuleni hasemi. Mwalimu amechoka na yeye."

Nikamwuliza kama anakumbuka Kifaransa. Mikono yake ilisimama kidogo.

"Nakumbuka tulikuwa tunaongea sana," alisema. "Mpaka nyanya yako anatufukuza. Lakini tulikuwa tunasemanga nini?"

Nilikaa pale nikitafuta sentensi moja tu ya Kifaransa ya kumpa, yeye na mtoto wake, nikapata "bonjour" peke yake. Mnunuzi akafika na bodaboda, akaanza kuhesabu vibunda, nami nikasogea kumpisha.