Mkunga Aliyepima Taka za Mtaa

Nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa duniani na mkunga mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko cha kutingisha dirisha. Alipostaafu, alitundika ukutani mizani yake ya kupimia watoto, akatangaza kwamba sasa atalala mpaka jua limchome. Alilala hivyo wiki mbili, akachoka kupumzika.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na jalala lililovimba mpaka likaziba nusu ya njia. Lori la taka lilikuja siku lilipojisikia tu. Bwana afya alipoitisha mkutano, kila mtu alidai lori lije kila siku.

"Kwani mnatupa kiasi gani?" aliuliza.

"Nyingi!"

"Nyingi siwezi kuiandika kwenye mpango, ndugu zangu. Nipeni kilo."

Mkunga akainuka. "Kupima ndiyo kazi yangu. Nipe siku saba."

Kesho yake mizani ilining'inia kwenye boriti ya kibaraza chake. Kila nyumba ilileta mifuko miwili: mmoja wa maganda na mabaki ya chakula, mwingine wa taka kavu. Watu walikuja wakiona haya, maana taka za mtu zinasema mengi.

"Wewe nilikupima kilo tatu na robo, ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia," alimwambia dada mmoja. "Leo umeniletea kilo tano, hata salamu huna!"

Jirani wa mkunga, fundi cherehani, hakuonekana siku tatu. Tangu mkewe asafiri kwenda kumuuguza mama yake, fundi alikuwa akijigamba kwamba anajipikia mwenyewe. Siku ya nne mkunga alimfuata, akamkokota hadi kwenye foleni. Mfuko wa maganda haukuwa na hata ganda la kitunguu. Ule mwingine ulijaa vifungashio vya mgahawani.

"Shemeji," mkunga alisema akijikaza asicheke, "kwani wewe unapika makaratasi?"

Fundi alitazama viatu vyake, kisha akaangua kicheko, na foleni nzima ikampokea. "Andika tu, shemeji. Ila mke wangu asijue!"

Tangu hapo hakuna aliyeficha mfuko.

Siku ya saba mkunga alijumlisha, akarudia mara tatu. Katika kila kilo kumi, sita na ushei zilikuwa maganda na mabaki matupu. Kumbe miaka yote walikuwa wakililia lori lije kubeba mbolea!

"Mama, mimi nimekuwa nikikisia tu," bwana afya alikiri, akivuta kiti. Wakapanga mambo juu ya meza ya chakula ya mkunga: mashimo matatu ya mbolea kwenye kiwanja nyuma ya zahanati, chupa na makopo kwa wanunuzi, na lori mara moja kwa wiki, siku na saa zijulikane.

Jalala lilisombwa kwa siku mbili. Mkunga alikwenda kuitazama njia, akaivuka kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akavuka tena, kwa raha tu ya nafasi.

Alhamisi ya kwanza dereva wa lori alikuta mifuko kumi na mmoja imepangwa sawasawa. Akachungulia huku na huku.

"Jamani, nimepotea mtaa?"

"Hujapotea, baba," mkunga alimjibu. "Pakia hiyo, halafu uingie unywe chai."