Waya Niliorudi Nao kutoka Mununga

Sababu ya safari ilikuwa waya. Ba Chanda, dereva wa eskaveta niliyefanya naye kazi zamani huku kwetu Katanga, alinipigia simu kutoka Mununga, ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Mashine yao ilikuwa ikichimba mfereji katikati ya matete, ili mitumbwi ya wavuvi ipite hadi karibu na soko la samaki. Sasa mshale wa joto ulikuwa umeng'ang'ania nyekundu, injini inajipunguzia nguvu yenyewe, kazi imelala, na mvua ziko mlangoni.

"Fundi, mwizi alikata waya ya sensa," alisema. "Leta ingine. Mwizi mwenyewe tulishaka kumufukuza."

Nikaamini kwamba mwizi yupo na kwamba walikwisha kumfukuza. Kwetu Lubumbashi waya wa shaba ukiuacha nje, asubuhi utasimulia habari zake tu. Nikanunua bunda la waya, nikatia mkobani na sensa mpya, kile kidude kinachopima joto la injini, nikaondoka.

Kilwa, upande wetu wa ziwa, nilifika nikiwa mwekundu kwa vumbi la barabara ya Kasenga. Boti ya injini ilikuwa imejaa wafanyabiashara na mabunda yao ya vitenge. Mama mmoja aliyebanana nami aliutazama waya wangu kwa hamu.

"Papa, ule waya unauzisha?"

Nikamwambia ni dawa ya mashine inayoumwa.

"Basi ufiche muzuri chini ya kiti. Bantu batasema umeiba."

Tukacheka, mimi zaidi yake.

Nchelenge, ng'ambo, niligongewa muhuri wa kuingia Zambia, nikalala, na asubuhi nikapata gari la kwenda kaskazini kando ya ziwa. Njia nzima ni chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, vimeanikwa mchangani hadi macho yanachoka kwa weupe wake. Harufu yake iliingia katika shati langu na haijatoka vizuri mpaka leo, na mke wangu ameacha kulalamika.

Mununga alinipokea Bana Mutale, yaani mama yake Mutale, mkuu wa akina mama wauza samaki. Wao ndio waliochangia kukodi mashine. "Mwaiseni, ba fundi, karibu sana!" alisema, akanishika mikono yote miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli walikuwa wanasubiri kupona. Tulipokuwa tunakula, Ba Chanda alitoa mfukoni kipande cha waya wa kijani.

"Ushahidi huu," akasema. "Tuliukuta kwa kinga, ile baiskeli ya Papa Kalenga, amefungia kareo ya nyuma, ya kubebea mizigo. Angalia rangi. Iko sawa na ya machini."

Papa Kalenga alikuwa sentineli, mlinzi wa mashine, Mkongo mwenzangu anayeishi na familia yake Mantapala, makazi ya wakimbizi. Walimweka katikati ya watu sokoni, wakamwambia aende.

"Yeye alisema nini?" nikauliza.

"Alisema waya aliokota kule Mantapala. Mwizi atasema nini ingine?"

Asiyekuwapo na lake halipo. Nikanawa mikono, nikalala.

Asubuhi, kabla injini haijawashwa, nilimwomba Ba Chanda azungushe ufunguo nusu tu. Mshale ukaruka hadi nyekundu. Nikaweka kiganja juu ya injini: baridi kama mtungi. Hapo nilijua kwamba mashine haichemki, inasingizia. Nikaufuata waya wa sensa kutoka kwenye kibanda cha dereva mpaka kwenye injini, nikiupapasa hatua kwa hatua. Ulikuwa mzima. Hakuna mahali ulipokatwa, wala ulipoungwa, wala ulipochubuka. Ba Chanda alikuwa ananitazama usoni, na mimi sikutaka kumtazama.

Ikabaki plagi, pale waya unapokutana na sensa. Nilipoichomoa, tone la maji likaniangukia kiganjani. Ndani, vile vijino vya shaba vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Maji yakikaa humo, umeme hupita mahali pasipo njia yake, na kompyuta ya mashine huamini kuwa injini inaungua. Ili nisibakize shaka, niliifungua sensa yenyewe, nikaomba sufuria ya Bana Mutale na mbaula yake, jiko la makaa, nikaitumbukiza majini huku nimeifunga kwenye mita ya umeme. Maji yalivyozidi kupata moto, namba zilishuka polepole, kama inavyotakiwa. Sensa ilikuwa nzima.

"Lakini mvua haijanyesha," nikasema tukisubiri sufuria. "Maji yameingiaje humu?"

Bana Mutale akajibu kwa furaha, maana hakuona swali linakoelekea.

"Ah, ba fundi, si tuliisafisha! Kabla ya ibada ya kushukuru kwa ajili ya mashine, tuliileta pale ziwani, tukaimwagia maji kwa pampu, ikang'aa! Injini ni Papa Kalenga alisafisha. Hakuwa na sadaka ya kutoa, akasema, basi Mungu apokee mikono yangu."

Alipomaliza kusema ndipo akaelewa. Akaziba mdomo kwa kitenge. Nilikausha plagi, nikasugua vijino, nikapaka grisi, nikarudisha kila kitu. Mshale ukalala chini, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Mantapala tulipita njiani wakati wa kurudi. Ba Chanda aliomba tuongozane. Papa Kalenga alikuwa analima matuta ya mihogo. Alituona, akaacha jembe, akatuletea viti na maji ya kunywa kabla hatujasema lolote. Ba Chanda hakukaa. Alichuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama Wabemba wanavyofanya wakiomba radhi.

"Papa, nilikukosea. Hukuiba kintu."

Akampa kile kipande cha waya kwa mikono miwili. Mzee akakipokea, akaenda kwenye baiskeli iliyoegemea ukuta, akaanza kufunga kareo yake.

"Na machini ilikuwa na nini?" akauliza bila kugeuka.

Njia nzima nilikuwa natunga jibu: umande, uzee wa mashine, chochote. Lakini ulimi wangu umezoea kusema ugonjwa kama ulivyo.

"Ilikuwa mayi, Papa. Kidogo tu, ndani ya plagi."

Mikono ikasimama. "Mayi ya wapi? Mvua haiyanyesha." Kisha, polepole: "Basi njo mimi. Ni mi nilisafisha."

"Awe, Papa, hapana," Ba Chanda akasema haraka. "Nani alifungua kapo, mufuniko ya injini? Ni mimi. Nani alikuambia mwaga? Ni mimi."

Tukamwomba arudi kazini. Alitikisa kichwa bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi; hasira ningeweza kuibembeleza.

"Mushale ukipanda tena, mutaniangalia mi," alisema. "Na mi pia nitajiangalia."

Ziwani, wakati wa kurudi Kilwa, bunda la waya lilikuwa chini ya kiti changu, halijakatwa hata kidogo. Baadaye Ba Chanda alinipigia kusema mfereji umefika karibu na soko kabla ya mvua, na mashine inalindwa na kijana mwingine. Nilifurahi kwa ajili ya wavuvi. Lakini najuta kwamba tulimwondolea mzee yule wizi ambao hakuufanya, tukamwachia kosa ambalo lilikuwa sadaka yake. Afadhali wizi, huo angeweza kuukana.

Siku hizi nikiitwa mahali kutibu mashine, siulizi kwanza habari za mshale. Nauliza: "Mulishaka kufukuza mutu?"