Trekta Lililovutwa kama Mtumbwi

Mama alikuwa na ratiba. Aliiandika kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko ule ule uliojaza ubao kwa zaidi ya miaka thelathini, akaibandika kwenye mlango wa jiko: saa moja kung'oa miche, saa mbili trekta kuvuruga shamba, saa nne kuanza kupanda, saa kumi kumaliza. Chini yake alipiga mstari kwa rula.

Alikuwa amestaafu ualimu mwaka mmoja tu uliopita. Shamba lenyewe, jaruba la mpunga katika bonde la Luiche, kusini mwa Ujiji, lilikuwa la babu, na babu alipofariki lilibaki mikononi mwa mjomba, kaka mkubwa wa Mama, ambaye kila msimu alimkodisha mtu. Mama aliliomba kwa msimu mmoja. Mjomba alicheka, akasema anajua kilimo cha Mama ni cha chaki, lakini akakubali kwa sharti moja. Angekuja Jumamosi ya wiki ya kupanda kuliangalia, na kama angelikuta halijapandwa, angelirudisha kwa mpangaji wake na habari za Mama na shamba zingeishia hapo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Buzebazeba kwa mapumziko ya mwezi mzima, na nilimwona alivyokuwa akiamka kabla ya adhana kwenda kuikagua miche kitaluni. Aliisemea kama darasa. Ile ya upande wa mto ilikuwa na akili, ya upande wa barabara ilikuwa mivivu.

Siku ya kupanda ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kisha asubuhi ikaondoka bila kuaga, na bonde zima likabaki linang'aa. Akina mama tisa wapandaji walikuwa wameshafika. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyeingia nchi hii kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni na akazeekea kwenye majaruba ya watu. Alimwamkia Mama, akatazama anga, akatazama shamba, kisha akashauri kwa sauti ya chini kwamba trekta limalize kwanza ndipo miche ing'olewe. Mama alimwambia saa moja imeshafika.

Basi miche ikang'olewa, yote. Ilipangwa kwenye tuta kwa mafungu yaliyofungwa kwa majani, mizizi yake myeupe ikiwa nje, kijani chake kikichoma macho.

Trekta lilikuja kutoka upande wa Kidahwe, likiendeshwa na kijana mwembamba mwenye miwani ya jua. Wiki iliyotangulia yeye huyo ndiye aliyelima. Sasa maji yalikuwa yameingia, na kazi yake ilikuwa kuyavuruga na udongo mpaka vilainike kama uji. Alizunguka mara tatu, akitupungia mkono kila alipopita. Mzunguko wa nne alikwenda karibu mno na kona ya mtoni, na pale trekta likazama. Lilizama kwa adabu, kama mgeni anayeketi kwenye kochi laini asilolitegemea.

Kijana akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakajichimbia kaburi lake, tope likarukia mpaka kwenye miwani, na alipozima injini ekseli ilikuwa haionekani tena. Tukaanza kuwasikia vyura.

Alifanya aliyoyajua. Aliliondoa jembe la nyuma ili kupunguza uzito, akachimba, akakata tuta ili maji yatoke. Akampigia simu mwenzake mwenye trekta jingine, akaambiwa liko njia ya Kasulu na haliwezi kufika kabla ya Jumapili. Aliposema Jumapili, Mama aligeuka akaitazama miche. Kiongozi wa wapandaji alikuwa tayari anaifunika kwa majani ya mgomba na kuinyunyizia maji.

"Itavumilia hadi jioni," alisema. "Kesho itakuwa ya mbuzi."

Hapo ndipo Mama alipopata wazo la makapi ya chikichi. Nyumbani kwetu, kama kwa jirani zetu wote, zile nyuzinyuzi zinazobaki baada ya kukamua mawese hatuzitupi. Tunawashia moto, na masika tunazimwaga penye tope, mlangoni na bombani, ili mtu asianguke na ndoo. Nikapanda bodaboda hadi kwa jirani anayekamua, nikarudi na magunia mawili ya makapi yenye joto bado, yaliyotoka kwenye kinu dakika chache tu kabla. Yale tunayomwaga mlangoni huwa yamekaa juani siku nyingi mpaka yamekauka. Sikulifikiria hilo. Mama naye hakulifikiria, na wapandaji tisa waliosaidia kuyashindilia chini ya magurudumu hawakulifikiria, ingawa mikono yetu ilikuwa myekundu kwa mafuta hadi viwiko.

Kijana akawasha. Magurudumu yalizunguka kwa ulaini wa ajabu, bila kelele, bila hata kurusha tope, na harufu tamu ya jikoni ikapanda bondeni kote.

"Mwalimu," alisema kijana baada ya kuzima, "sasa tumelikaanga."

Wapandaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mama alicheka pia, kidogo, kisha akaenda kusimama peke yake kwenye tuta, na nikaona ameweka mkono juu ya fungu moja la miche kama mtu anayepima homa. Ilikuwa saa sita kasoro.

Kilichotuokoa ni mwezi. Wavuvi wetu wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo siku hizo wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kuchokozana. Mwezi ulikuwa mpevu wiki ile. Mama alimpigia nahodha mmoja wa Kasingirima, mtu mzima mwenye kifua kama pipa, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake darasa la nne. Hata saa moja haikupita, wakaja kumi na sita, na kamba nene ya mtumbwi, na bajaji iliyojaa magogo mafupi wanayotumia kuburuzia mitumbwi mchangani. Magogo yalikuwa yamelainika kwa miaka ya kubeba uzito.

"Shikamoo mwalimu," nahodha alisema. "Leo utavuta, au utasahihisha?"

"Marahaba. Nitasahihisha."

Nahodha alilizunguka trekta mara mbili, akiligonga hapa na pale. Kisha akauliza omo iko upande gani. Kijana alimwonyesha mbele. Nahodha akasema basi litatolewa kwa mbele, maana hajawahi kuvuta chombo kwa tezi, kwa nyuma, tangu azaliwe. Kijana akasema mbele ni mtoni, na kwamba trekta linatakiwa lirudi kinyumenyume kwenye njia lililoingilia, ambako chini pana ugumu. Walibishana kwa raha, mmoja akitetea ziwa, mwingine akitetea barabara, hadi Mama aliposema linatoka lilikoingilia na mwenye swali anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha.

Kwanza yalichotwa makapi yote, kwa mikono, na kila aliyechota aliteleza walau mara moja. Magogo yakapangwa nyuma ya magurudumu, kamba ikafungwa kwenye chuma cha nyuma, wanaume kumi na sita wakaishika. Nahodha akaanza kuita. Aliimba kwamba bwana harusi amejifungia chumbani, na wenzake wakaitikia kwamba atoke, shemeji wanamngoja. Kila mwitikio ulikuwa mvuto mmoja.

Kijana hakuuelewa mpango huo. Katikati ya wito wa pili aliona kamba imekaza, akakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote. Gogo likaruka, tope lenye mawese likawamwagikia wote. Wavuvi wakaiachia kamba na kukaa chini, kumi na sita kwa pamoja, kila mtu pale alipokuwa.

Nilidhani wamekasirika. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba huko mwaloni, wanakopandisha mitumbwi, ndivyo ilivyo. Mtu mmoja akivuta nje ya sauti, wote huiachia kamba, wanakaa, wanaanza upya, kwa sababu mtumbwi unaovutwa ovyo huvunja miguu ya watu.

"Kijana," nahodha alisema kutoka matopeni, "kuna mtu anaita hapa. Unamsikia?"

"Injini inapiga kelele, mzee. Sisikii kitu."

Mama akavua kandambili. Alikunja kitenge chake, akapanda kwenye trekta na kukaa juu ya madigadi, nyuma ya bega la kijana, mahali ambapo angemwona nahodha vizuri. Akamwambia kijana asiangalie nyuma wala asisikilize lolote. Akimgonga begani, akanyage. Akiinua mkono, aachie.

Wakasimama wote. Nahodha akaita, Mama akagonga. Injini na watu vikavuta kwa pumzi moja, na trekta likatikisika tu. Wakapumzika, wakaita tena. Mara ya nne gurudumu la kushoto lilipanda gogo, likakaa juu yake kidogo, likitafakari, kisha likashuka upande wa pili. Sikuwa nimemwona Mama akiwa juu ya kitu kinachotembea namna ile, nywele zimemtoka kwenye kilemba, akigonga bega la mtoto wa watu kama anafundisha ngoma. Wapandaji walikimbiza magogo ya mbele kwenda nyuma. Ilichukua muda mrefu, lakini kila wito ulikuwa shibiri moja, kisha hatua moja, na ghafla trekta zima likatoka kwa sauti ya busu kubwa na kurudi hadi kwenye tuta likichuruzika.

Kijana alilizima, akashuka, akambusu Mama mkono. Kisha akasema kwa heshima zote kwamba harudi mle ndani, hata aitwe na nani.

Ilikuwa saa tisa. Robo ya shamba ilikuwa imevurugwa, iliyobaki ilikuwa mabonge. Mama alishuka kwenye tuta, akatazama saa yake, kisha miche. Tulimwelewa wote.

Kiongozi wa wapandaji ndiye aliyeingia. Alikwenda pale wavuvi walipokuwa wakivutia, akazamisha mguu, akautoa, akauzamisha tena hatua chache mbele. Miguu thelathini na miwili ilikuwa imeyakanyaga mabonge yale kwa saa nzima, na tope lilikuwa limelainika, jepesi, halina donge.

"Ego," alisema, ndiyo ya kwao Burundi. "Hapa pameiva."

Mama alimtazama, kisha akamtazama nahodha, aliyekuwa ameshaanza kukunja kamba.

"Mwalimu, usinitazame hivyo," nahodha alisema. "Sisi ni watu wa maji."

"Na haya ni nini?"

Nahodha aliangalia chini. Maji na tope vilimfika magotini. Alicheka kicheko kirefu, akaikunjua kamba.

Walifunga magogo mawili kwenye kamba na kuyaburuza shambani huku na huku, wakikanyaga na kuimba, na sasa wito wao ulikuwa kwamba bibi harusi naye amejificha. Kijana wa trekta alivua miwani akajiunga nao. Akina mama waliingia nyuma yao kwa mstari, wameinama, mikono yao ikishona kijani kwenye tope kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata. Mimi nilibeba mafungu ya miche. Mama alipanda mistari miwili ya mwisho mwenyewe, akisahihishwa na kiongozi wa wapandaji kila hatua. Buhoro buhoro, polepole, alikuwa akimwambia, usiuzamishe sana, buhoro. Mistari yake ilikwenda upande kama mwandiko wa mtoto.

Jumamosi mjomba alikuja. Alisimama juu ya tuta na mikono mgongoni kwa muda mrefu. Miche ilikuwa imesimama, mingine bado imeinamisha vichwa, lakini ilikuwa na rangi. Aliuliza ni nani aliyepanda ile mistari miwili iliyopinda. Mama akasema ni yeye.

Mjomba aliguna. Alitembea hadi kona ya mtoni, akalitazama shimo lililobaki pale, limejaa maji na viluwiluwi.

"Msimu ujao kona hii uiache," alisema. "Baba hakuwahi kuipanda."

Mama aliinama haraka kung'oa gugu. Niliangalia alipoinamia. Hapakuwa na gugu.